Kuchunguza sehemu ya mbele ya jicho kwa picha: slitilampu, Placido, Scheimpflug, OCT au konfokali?

Mkulima wa Chamwino amechomwa jichoni na suke la uwele. Mwanafunzi wa Dodoma mjini anabadilishiwa miwani kila mwaka na bado haoni ubaoni. Mama wa miaka 60 kutoka Mpwapwa anaumwa kichwa jioni na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Wote watatu wana shida sehemu ya mbele ya jicho, lakini hakuna mashine moja inayowatosha. Kwa mkulima, swali ni kidonda kimefika kina gani na kama kuna fangasi ndani yake. Kwa mwanafunzi, inatakiwa ramani ya umbo la konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Kwa yule mama, lazima mtu aione pembe ambako maji ya jicho hupita kwenda nje. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine ipi ni bora, uliza swali lako liko tabaka gani.

Konea ni kioo kidogo: upana wake ni milimita 11 hadi 12, na unene wa katikati ni wastani wa mikroni 540, nusu milimita na ushei. Juu kuna epithelia, kama mikroni 50, halafu utando wa Bowman, halafu stroma ambayo peke yake ni karibu asilimia 90 ya unene wote, halafu utando wa Descemet. Mwisho kabisa ni endothelia, safu moja tu ya seli inayofanya kazi ya pampu: hutoa maji kwenye konea ili ibaki angavu. Nyuma ya hapo ni chumba cha mbele, chenye kina cha karibu milimita 3, kisha irisi, ile sehemu yenye rangi, na lenzi. Vifaa vyote tunavyolinganisha hapa, isipokuwa kimoja, vinatuma nuru kwenye tabaka hizi na kusoma inayorudi. Namna nuru inavyotumwa ndiyo inayokipa kila kifaa uwezo wake, na ndiyo hiyohiyo inayokipofusha.

Slitilampu, na simu juu yake

Slitilampu ni hadubini ya macho mawili yenye taa ya mwale unaoweza kubanwa, kupanuliwa na kuinamishwa. Msingi wake uliwekwa na Allvar Gullstrand wa Uswidi mwaka 1911, na mpaka leo hakuna kifaa kingine kinachogusa maswali mengi kiasi hicho. Kwa kawaida hukuza mara 6 hadi 40. Udhaifu wake ni kwamba jibu linabaki kichwani mwa aliyetazama, na aliyetazama Kongwa hawezi kumwonyesha bingwa aliye Dodoma mjini alichokiona, isipokuwa apige picha.

Watu wengi wanaolalamika kwamba slitilampu yao haionyeshi vizuri hawajarekebisha vioo vya kutazamia. Chomeka kijiti cha kurekebishia mahali pake, funga jicho moja, zungusha kioo kuanzia upande wa kujumlisha hadi mwale uonekane mkali, kisha fanya hivyo kwa jicho la pili. Kila mtumiaji ana namba zake, na aziandike. Asiyefanya hivyo huona ukungu ambao haumo kwenye jicho la mgonjwa, na hata asipouona, akipiga picha kwa kamera iliyounganishwa, picha inatoka na ukungu ingawa yeye mwenyewe alikuwa anaona vizuri, kwa sababu jicho lake limejirekebisha na kamera haiwezi.

Mwale mpana na hafifu ni wa kuangalia jicho lote kwanza. Mwale mwembamba ulioinamishwa nyuzi 45 hukata konea kama kisu kinavyokata ndizi, na hapo unaona kidonda kimeishia epithelia au kimezama kwenye stroma. Kutafuta seli za uvimbe kwenye chumba cha mbele kunataka chumba kiwe giza, taa iwe kali kabisa, na mwale uwe milimita 1 kwa milimita 1. Ukihesabu seli 6 hadi 15 ndani ya mwale huo, hiyo ni daraja la 1. 16 hadi 25 ni daraja la 2. Ukitumia mwale mpana kuliko huo, kila mgonjwa atapanda daraja bila kuugua zaidi.

Kupiga picha kwa simu, kishikilia simu cha kufunga kwenye kioo cha kutazamia kinafaa kuliko mkono, kwa sababu mkono ukitikisika kidogo tu picha inapotea. Weka ukuzaji wa mara 10 au 16. Zima flashi ya simu. Bonyeza skrini juu ya konea na ushikilie hadi fokasi ifungwe, halafu punguza mwangaza wa picha mpaka sehemu nyeupe ya jicho isiwe karatasi tupu. Simu huona giza pembeni na kuongeza mwangaza yenyewe, na doa jeupe la kidonda hugeuka weupe mtupu usioonyesha kitu. Piga tatu: ya mwale mpana, ya mwale mwembamba kwa nyuzi 45, na ya fluoresini, yaani rangi inayong'aa kijani palipo na kidonda, kwa nuru ya bluu. Hiyo ya tatu inataka kichujio cha njano mbele ya hadubini. Bila kichujio, bluu hufunika kijani na kidonda huonekana kidogo kuliko kilivyo.

Fluoresini nayo ina namna yake. Lowesha karatasi yake kwa tone moja la maji ya chumvi, kung'uta, gusa ndani ya kope la chini, mwambie apepese mara mbili tatu. Ukiweka nyingi, rangi inajizima yenyewe na unaona ziwa la rangi ya chungwa badala ya kijani kinachong'aa. Pima kidonda kwa urefu wa mwale wenyewe: punguza mwale hadi ulingane na upana mkubwa wa kidonda, soma milimita kwenye kipimo, kisha pima upana unaoukata kwa nyuzi 90. Namba hizo mbili, zikiandikwa kila siku, zinakuambia kama dawa inafanya kazi kuliko picha kumi nzuri zisizo na kipimo.

Kwa vikope, yaani trakoma, ambayo wilaya ya Kongwa imekuwa uwanja wa utafiti wake kwa miongo mingi, hata slitilampu si lazima. Madaraja rahisi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1987 yametengenezwa kwa lenzi ya kichwani ya kukuza mara 2.5 na nuru nzuri: pindua kope la juu, na ukihesabu vinundu 5 au zaidi vyenye upana wa angalau milimita 0.5 katikati ya kope, hiyo ni trakoma ya vinundu. OCT, mashine inayochora tabaka za jicho kwa nuru, haiongezi chochote hapo. Picha nzuri ya kope lililopinduliwa, ikiwa na fokasi kwenye kope na si kwenye nywele zake, inatosha kupelekwa kwa mtu mwingine aihakiki.

Ramani ya konea: Placido na Scheimpflug

Turudi kwa mwanafunzi. Anasugua macho kwa mzio tangu utotoni, na miwani haimkai. Hofu ni keratokonasi, konea inayokonda na kuchomoza kama pia. Slitilampu huiona ikishakuwa kubwa. Ikiwa changa hupita bila kuonekana.

Kifaa cha Placido, chenye asili yake kwa Antonio Placido wa Ureno katika karne ya 19, huangaza pete nyeusi na nyeupe juu ya konea na kupiga picha ya zinavyorudi. Pete zikikaribiana, mahali hapo pana mbinuko mkali, zikitawanyika, pamelala. Kompyuta hugeuza umbali huo kuwa dayopta, kipimo cha nguvu ya konea ya kukunja nuru. Ni cha haraka, hakigusi jicho, hakina vipuri vingi vya kuharibika, na kwa mbinuko wa uso wa mbele ni sahihi sana. Konea ya kawaida iko karibu na dayopta 43. Nguvu ya katikati ikizidi 47.2, au nusu ya chini ikiizidi ya juu kwa zaidi ya dayopta 1.4, mshuku.

Lakini pete hizo hazirudi kutoka konea yenyewe, zinarudi kutoka utando wa machozi ulio juu yake, na hapa Dodoma ndipo shida inapoanza. Kiangazi, upepo ukivuma na hewa ikikauka, machozi hukatika upesi. Pete zinapinda mahali ambapo konea haina kasoro, na kompyuta kwa uaminifu wake wote inachora ugonjwa. Zima feni inayompuliza mgonjwa usoni. Mwambie apepese mara mbili, afungue, na upige picha ndani ya sekunde mbili au tatu. Piga tatu kwa kila jicho. Zikifanana, ziamini, zisipofanana, tatizo ni machozi, na kazi yako ni kurudia baadaye au kutibu ukavu kwanza. Usiweke dawa ya ganzi wala fluoresini kabla ya kipimo hiki. Anayevaa lenzi za kuvaa machoni azivue mapema: laini angalau wiki moja au mbili, ngumu zaidi ya hapo, kwa kuwa lenzi hukandamiza konea na umbo huchukua muda kurudi.

Mtego mwingine ni rangi. Mashine nyingi zina mizani mbili: moja isiyobadilika, na nyingine inayojinyoosha kulingana na jicho lililo mbele yake. Hiyo ya pili hutoa nyekundu na bluu hata kwa konea iliyo sawa kabisa, kwa sababu inatandaza rangi zote juu ya tofauti ndogo mno. Wapo vijana walioandikiwa keratokonasi kwa rangi tupu. Soma namba iliyo kando ya rangi kabla ya kutamka lolote.

Kamera ya Scheimpflug inafanya lile Placido haiwezi: kuona uso wa nyuma wa konea na unene wake wote. Jina ni la Theodor Scheimpflug wa Austria, aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba lenzi ikiinamishwa kwa kiasi fulani, kitu kilicholala mshazari chote huingia kwenye fokasi. Mashine maarufu ya aina hii, Pentacam, hutumia nuru ya bluu ya nanomita 475, na kamera huzunguka mbele ya jicho kwa sekunde 2 hivi ikichukua picha 25 au 50. Matokeo ni ramani ya mbele, ya nyuma, ya unene, na kina cha chumba cha mbele. Kwa keratokonasi changa tofauti ni kubwa, kwa kuwa uso wa nyuma mara nyingi huanza kuvimba kabla wa mbele haujaonyesha dalili.

Kuna sababu ya pili ya kuutaka unene. Matibabu ya kuimarisha konea kwa riboflavini na nuru ya urujuanimno, kwa itifaki ya kawaida ya kuondoa epithelia, yanataka konea ibaki na mikroni 400 angalau, ili nuru isifike endothelia na kuiua. Placido haiwezi kukuambia hilo. Kipima unene cha sauti kinaweza, kwa bei ndogo sana, lakini kinapima pale ulipogusa tu, na sehemu nyembamba zaidi ya keratokonasi kwa kawaida haiko katikati.

Scheimpflug inashindwa palipo na kovu. Nuru ya bluu hutawanywa na weupe, na mashine inachanganya ukingo wa kovu na ukingo wa konea. Hesabu ya unene huyumba. Kwa mtu mwenye makovu ya trakoma au ya kidonda cha zamani, usitegemee ramani yake kwa uamuzi wa upasuaji. Angalia pia alama ya ubora ambayo mashine inaitoa kwa kila kipimo. Isipokuwa ya kukubali, kipimo hicho si kipimo. Sababu za kawaida ni kope lililofunika juu, kichwa kilichorudi nyuma kutoka kwenye kiegemeo, au chumba chenye mwanga wa dirishani.

Kufuatilia ni hoja nzito kuliko kugundua. Ongezeko la dayopta 1 kwenye sehemu yenye mbinuko mkali kabisa, ndani ya miezi 12 hadi 24, hutumika sana kama dalili kwamba ugonjwa unasonga. Hiyo dayopta 1 haina maana ukilinganisha kipimo cha mashine moja na cha mashine ya aina nyingine. Mwanafunzi akipimwa Dodoma Januari, arudi kwenye mashine ileile, mkono uleule ikiwezekana.

Pembe ya jicho: OCT dhidi ya gonioskopi

Kwa mama wa Mpwapwa, anza na kipimo kisichogharimu kitu. Weka mwale mwembamba kabisa kwenye ukingo wa konea upande wa sikio, taa ikiwa nyuzi 60 kutoka hadubini, na ulinganishe giza lililo kati ya konea na irisi na unene wa konea yenyewe. Giza likilingana na konea au kuzidi, pembe ni pana. Likiwa robo au chini yake, pembe inaweza kufungika. Hii ni njia ya van Herick, na inamstahili kila mgonjwa kabla ya kuwekewa dawa ya kupanua mboni.

OCT ya sehemu ya mbele hufanya kama kipimo cha sauti, ila kwa nuru: hutuma nuru ya infraredi na kupima umbali wa kila inachokutana nacho. Zipo familia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu bajeti. Ya kwanza hutumia wimbi la nanomita 1310. Wimbi hilo hutawanyika kidogo, hivyo hupenya sehemu nyeupe ya ukingoni na kuonyesha pembe zote mbili na chumba kizima kwenye picha moja, kwa ubainifu wa mikroni 10 hadi 18. Ya pili ni OCT ya retina, yaani ya utando wa nyuma ya jicho, ya nanomita 840 hivi, iliyoongezewa lenzi ya mbele. Hiyo ina ubainifu mzuri zaidi, karibu mikroni 5, lakini uwanja wake ni mwembamba na haipenyi vizuri ukingoni. Inafaa kwa kina cha kidonda, unene wa epithelia na makovu. Kwa pembe inasuasua.

Ushauri wetu kwa hospitali yenye OCT ya retina ni huu: kabla ya kuandika maombi ya mashine mpya, muulize mwakilishi kama yenu inakubali lenzi ya mbele na programu yake. Mara nyingi jibu ni ndiyo, na gharama yake hailingani kabisa na ya mashine nzima.

Kwa kuwa nuru yake haionekani, OCT inaweza kupima pembe gizani, wakati mboni imepanuka na pembe iko katika hali yake mbaya kabisa. Ndiyo faida yake kubwa. Wengi huipoteza kwa kupima taa ikiwa inawaka, au kwa kubonyeza kope kwa kidole ili kulifungua, jambo linalobadilisha pembe yenyewe. Shika kope kwenye mfupa.

Hata hivyo OCT haichukui nafasi ya gonioskopi. Gonioskopi ni kioo kinachowekwa juu ya konea iliyotiwa ganzi, na kupitia vioo vyake vya pembeni unaona pembe kwa macho yako: rangi iliyomwagika, mishipa mipya ya damu, na kama irisi imegusa tu au imeshikana kabisa. Ukibonyeza kidogo kwa kioo kidogo, iliyogusa tu inafunguka na iliyoshikana inabaki. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua matibabu, na hakuna picha ya OCT inayoweza kubonyeza. Kosa kubwa la gonioskopi ni kutumia mwale mrefu unaoingia kwenye mboni: mboni inabana, pembe inafunguka, na mgonjwa anaambiwa yuko salama.

Nyuma ya irisi ni giza kwa vifaa vyote vya nuru, kwa sababu rangi ya irisi huinyonya. Kwa uvimbe ulioko huko au irisi inayosukumwa kutoka nyuma, kinachoona ni hadubini ya sauti ya megahezi 50, iliyoanza kutumika karibu mwaka 1990. Inapenya milimita 4 hadi 5, inagusa jicho kupitia kikombe cha maji, na hairuhusiwi kwa jicho lililotoboka.

Kidonda: konfokali, au slaidi na KOH?

Kwa mkulima wa uwele, OCT itaonyesha kidonda kimebakiza unene kiasi gani, na hilo ni la thamani pale weupe unapoficha kina. Haitasema ni fangasi au bakteria.

Hadubini ya konfokali ndiyo inayokaribia kusema. Hutumia leza nyekundu ya nanomita 670 na tundu dogo linalozuia nuru yote isiyotoka kwenye tabaka moja teule, kwa hiyo unapita ndani ya konea hai tabaka kwa tabaka. Picha moja ni mraba wa mikroni 400 kwa 400 tu. Nyuzi za fangasi huonekana kama mistari inayong'aa yenye matawi, na vifuko vya kimelea cha akanthamiba kama duara za mikroni 10 hadi 20 zenye ukuta mara mbili. Bakteria wa kawaida ni wadogo mno kuonekana hivyo.

Upungufu wake ni mkubwa kuliko matangazo yanavyosema. Inagusa jicho, kupitia kifuniko cha kutumika mara moja na jeli, na mgonjwa mwenye kidonda kinachochoma lazima atulie dakika kadhaa. Mraba wa mikroni 400 ni sehemu ndogo sana ya konea, hivyo unaweza kupita kando ya fangasi. Neva za konea nazo ni mistari inayong'aa, na asiyezoea huzisoma kama fangasi. Vifuniko vikiisha, mashine imelala.

Kwa hospitali ya mkoa wowote wa kati, Dodoma au Singida, fedha ya kwanza ya vidonda iende maabara. Weka ganzi, subiri, kisha kwa kisu namba 15 au ncha ya sindano iliyopindwa, chini ya slitilampu, kwangua ukingo na sakafu ya kidonda baada ya kuondoa usaha uliolegea. Usaha wa juu hauna vijidudu vya kutosha, na ndiyo sababu ya kwanza ya slaidi tupu. Slaidi moja iwekwe KOH (potasiamu hidroksidi) ya asilimia 10 na kifuniko, isomwe baada ya dakika chache. Ya pili iwe ya rangi ya Gram, ya kutafuta bakteria. Kinachobaki kipandwe kwenye Sabouraud, chakula cha kuoteshea fangasi. Usikwangue konea iliyokonda hadi kukaribia kutoboka. KOH inamfikia mgonjwa siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo ndiyo inayookoa jicho, kwa sababu fangasi wakipewa dawa ya bakteria peke yake wanaendelea kula stroma.

Kuhesabu seli za pampu

Seli za endothelia hazizaliwi upya kwa kiasi cha maana. Mtu mzima ana takribani 2,500 hadi 3,000 kwa kila milimita ya mraba. Zikishuka kuelekea 500, konea hujaa maji na kuwa nyeupe. Hadubini ya spekula huzipiga picha kwa nuru inayorudi kutoka kwenye safu hiyo, bila kugusa, kwa sekunde chache. Faida yake kubwa ni kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho mgumu wa kahawia, ambao hudai seli nyingi. Kompyuta ikihesabu yenyewe, angalia mipaka iliyochora: mara nyingi hugawa seli moja mbili au kuunganisha mbili kuwa moja. Konea ikishavimba haioni kitu. Slitilampu yenyewe, kwa mara 40 na mwale ukiangukia mahali unapong'aa kama kioo, huonyesha mashimo ya endothelia iliyochoka. Haihesabu, ila inatosha kumtenga mgonjwa wa kupewa rufaa.

Na konea ikivimba baada ya upasuaji, OCT ndiyo ya kukimbilia. Hupita kwenye uvimbe na kuonyesha kama utando wa Descemet umebanduka. Ukiwa umebanduka, mara nyingi kiputo cha hewa hurudisha. Bila picha, watu husubiri wiki wakidhani ni uvimbe tu.

Vumbi, umeme na fundi

Vumbi la Dodoma ni adui wa vioo. Usifute kioo kikavu kwa kitambaa: chembe za mchanga huchora. Puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia, halafu karatasi ya lenzi yenye tone la alkoholi, kutoka katikati kwenda nje. Funika mashine kila ikizimwa, hata mchana. Chumba kisiwe na dirisha linalopokea upepo wa mashariki. Globu ya halojeni ikiguswa kwa vidole huungua haraka, kwa sababu mafuta ya ngozi huipasha pasipo sawa. Weka ya akiba, au nunua yenye LED. Mashine yoyote yenye kompyuta iwe na UPS, kifaa cha umeme wa akiba, yenye kutoa umeme ulionyooka, kwa kuwa umeme ukikatika wakati inaandika, linaloharibika ni faili la wagonjwa wote.

Kabla ya kulipa, uliza kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, na kama fundi wake yuko nchini. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, fundi wa Dar es Salaam anaweza kufika siku hiyohiyo; fundi wa ng'ambo hana treni.

Kama fedha ni ya kimoja tu

Kituo cha afya: lenzi ya kichwani, tochi yenye nuru ya bluu, karatasi za fluoresini, na mtu aliyefundishwa kupindua kope. Hospitali ya wilaya: slitilampu nzuri yenye LED, kishikilia simu na kioo cha gonioskopi, chochote cha zaidi kabla ya hivi vitatu ni mapambo. Kliniki inayoona watoto wengi wenye mzio: Placido kwanza. Hospitali ya rufaa inayotaka kutibu keratokonasi: Scheimpflug, bila kubahatisha. Inayopokea makovu mengi na vidonda: OCT, kuanzia na lenzi ya nyongeza kama OCT ya retina ipo. Spekula ifuate idadi ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Konfokali ni ya mwisho kwenye orodha yetu, na iende tu pale penye mtu atakayeitumia kila wiki.

Vifaa vikiwa vingi chini ya paa moja, utaratibu wa asubuhi unaamua kama vipimo vitaaminika. Placido na Scheimpflug kwanza, jicho likiwa halijaguswa wala kutiwa tone. OCT gizani, kabla ya kupanua mboni. Spekula. Slitilampu bila rangi, kisha van Herick, kisha fluoresini na picha. Ganzi, presha ya jicho, gonioskopi. Konfokali au kukwangua ni mwisho kabisa, kwa sababu baada ya hapo uso wa konea hausomeki tena siku hiyo. Picha zihifadhiwe kwa namba ya faili badala ya jina, mgonjwa akiwa ameridhia, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka. Zikitumwa kwa bingwa, ziambatane na jicho gani, tarehe, ukuzaji, na vile vipimo viwili vya kidonda kwa milimita.